Brashi Niliyoikata

2 Juni
Vumbi limeanza kazi yake. Asubuhi nilifuta meza, nikaenda kuchukua chai, kurudi naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Kwa wengine kiangazi ni balaa, kwetu ndiyo mavuno: madirisha yakichafuka, simu ya wifi hailali.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Kazi hii ya kusafisha vioo aliianza peke yake ndoa yake ilipovunjika, na ndiyo inayomlisha yeye na mama mkwe. Mimi niliingia baadaye, duka la vitambaa nilimokuwa nauza lilipofungwa. Yeye anachagua brashi, mimi nabeba ndoo. Sisemi kwa uchungu. Haya, kwa uchungu kidogo.

4 Juni
Tumekwenda kwa muuza brashi. Tunamwita Sharubu, maana sharubu zake zingetosha kuoshea chupa. Nilidhani tutaingia na kutoka. Thubutu! Wifi ameshinda pale kama anayechagua mchumba.

Tumepata kazi ya maktaba, kila Alhamisi mpaka mvua zije. Upande wa magharibi vioo vimebandikwa karatasi ya kuzuia jua, kwa ndani, na karatasi ile ni laini, ukishaikwaruza huwezi kuirudisha. Kwa hiyo wifi hataki brashi yoyote ila ile ambayo ncha za nywele zake zimechanika zenyewe, kila moja mara mbili tatu. "Hizo ncha ndizo zinazogusa kioo," ananieleza. "Sehemu iliyobaki inashika maji tu." Basi anailowesha, anaikung'uta, anafumba macho, anaipitisha shavuni. Mteja mmoja akaangua kicheko. Wifi wala hakufumbua macho.

"Mama, jifunze," Sharubu akaniambia. "Shavu la wifi yako halijawahi kukosea."

Nikatabasamu lile tabasamu la kukubali usichokubali. Nimesugua sufuria maisha yangu yote. Brashi ni brashi.

12 Juni
Maktaba, siku ya kwanza. Tumeosha vioo vya kawaida vya mbele na vya ngazini, upande wa magharibi tumeuacha kwa wiki ijayo. Wifi anakwenda polepole, jamani, polepole mpaka unasikia usingizi. Kila doa la uchafu analilowesha, anasubiri. Nikimwambia tusugue tumalize, ananijibu, "Subiri ilainike." Mkutubi, mama mwembamba anayenong'ona hata akiwa barabarani, alikuja kumsifu: "Una mkono wa pekee." Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo na ndoo mbili. Hakuna aliyeuliza habari za mikono yangu.

15 Juni
Nguo zote kwenye kamba zimegeuka rangi ya udongo. Nimefua upya.

19 Juni
Leo nimefanya kazi peke yangu, na nimeiweza! Wifi alikuwa amempeleka mama hospitali, akaniachia upande wa magharibi wote na maagizo kama ya kumwachia mtu mtoto mchanga. Lowesha, subiri, papasa. Sawa wifi, sawa.

Nzi wa kiangazi hiki wana haja kubwa, tuseme hivyo tu. Karatasi yote imejaa madoa yao. Na brashi ile ya shavu, nywele zake zinalala chini kila ukibonyeza, ni kama kusugua kwa mkia wa paka. Nikapapasa doa la kwanza mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu nikapata akili. Nikatoa mkasi mkobani, huu niliotoka nao kwenye vitambaa, nikazikata zile ncha. Kidogo tu, sawasawa, kama kinyozi anavyosawazisha. Lo! Brashi ikapata nguvu, madoa yakawa yanaruka yenyewe. Nimemaliza kabla ya chakula cha mchana, na vioo vinang'aa.

Mume wangu anasema dada yake akijua ataniachia mimi uchaguzi wa brashi, yeye abebe ndoo. Tulicheka mpaka tukakohoa. Habari ya mkasi nimeinyamazia kwanza. Nitamwambia wifi mwenyewe, nione uso wake.

20 Juni
Nisipoandika nitapasuka.

Mkutubi alipiga simu mchana, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa sauti. Njooni, alisema, njooni jua likiwa limeelekea magharibi.

Tulipofika jua lilikuwa limeshuka usawa wa madirisha. Ee Mungu wangu. Jana asubuhi vioo vile vilikuwa safi, naapa. Lakini mwanga ulipoingia kwa ubavu, kila nilipopitisha brashi palikuwa pamewaka michirizi myeupe, maelfu, inazunguka vilevile mkono wangu ulivyozunguka. Ukitazama nje huoni mti, huoni barabara, unaona mkono wangu. Wasomaji walikuwa wamegeuza viti vyao, wameyapa madirisha mgongo.

Wifi hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye karatasi, akakishusha taratibu mpaka chini. Halafu akaniuliza kwa upole, "Wifi, jana ulitumia brashi gani?"

"Ile uliyoichagua wewe," nikasema.

Sikudanganya hata neno moja, na uongo wote umo humo humo. Habari ya mkasi ilikuwa imefika kwenye ncha ya ulimi. Lakini wifi alikuwa ameshamgeukia mkutubi. "Kosa ni langu mimi," akasema. "Niliichagua vibaya. Huyu ametumia nilichompa, usimlaumu." Na mimi nikasimama kama gogo, nikamwacha aubebe mzigo wangu mbele ya watu.

Wamekubaliana kwamba tutaosha upande ule bure kila Alhamisi, mpaka karatasi mpya ipatikane. Njiani wifi akaitoa brashi mfukoni, akafumba macho, akaipitisha shavuni. Uso ukamkunjamana. Urefu wake ungemwonyesha kitu kama angekuwa na nyingine ya kulinganisha, lakini hakuwa nayo.

"Kumbe ngumu," akasema. "Ngumu kabisa. Na siku ile niliisikia laini."

Nilikuwa natembea kando yake. Njia nzima ilikuwa yangu ya kusema. Nilichosema ni kwamba vumbi la leo limezidi.

21 Juni
Sikusema.

22 Juni
Wala leo.

26 Juni
Alhamisi ya kwanza ya adhabu. Tumeosha michirizi kwa sifongo, kana kwamba itatoka. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akasema, si kwa ubaya, "Mama zangu, hapo mnaosha nini sasa?" Wifi akamjibu kwa heshima, akamwomba radhi. Akamwomba radhi mtu wa gazeti! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nikaenda kubadilisha maji.

3 Julai
Tulihitaji brashi mpya ya kazi nyingine, shule ya ushonaji, vioo vya kawaida tu. Kwa Sharubu wifi alichukua moja, akairudisha. Akachukua nyingine, akaipitisha shavuni, akaipitisha tena, akaniangalia. "Wewe waonaje?" akaniuliza.

Tangu nimeolewa katika nyumba ile sijawahi kuulizwa swali hilo na mwanamke huyu. Nilikuwa nalitamani. Nikanyoosha mkono nikachukua iliyokuwa karibu, nikasema hii nzuri, na yeye akaikubali bila kuishika.

10 Julai
Alhamisi. Jua, michirizi, sifongo. Upepo umeanza.

13 Julai
Mume wangu ameniuliza dada yake ana nini, mbona amekuwa mpole. "Alikuja hapa akakaa na chai yake mpaka ikapoa, hakunikosoa hata kitu kimoja," akasema. "Hata hakuitazama ile taa niliyoifunga upande." Nikamwambia amechoka na uuguzi wa mama. Sasa nimeshamdanganya na huyu. Uongo wangu unazaa.

17 Julai
Alhamisi nyingine. Mkutubi ametuletea chai. Wema wa mtu huyu unanichoma kuliko angetutukana.

24 Julai
Wifi amekataa kazi. Jengo la ofisi, ghorofa kadhaa, lote limebandikwa karatasi za jua, kazi ya kutupeleka mwaka mzima. Meneja alimpigia mwenyewe, alikuwa ameambiwa sifa zake na mtu. Nilimsikia wifi akijibu kwenye simu: "Hapana bwana, karatasi siku hizi siziamini. Mtafute mtu mwingine." Si karatasi asizoziamini. Ni shavu lake, na mikono yake, na miaka yote aliyoifanya kazi hii. Mimi ndiye niliyemwibia hayo kwa mkasi wa vitambaa, halafu nikamwacha ajitafutie mwizi ndani ya mwili wake.

Haya, nimeliandika. Kuliandika ni rahisi.

25 Julai
Nilikwenda kwake nikiwa nimepiga moyo konde. Nilimkuta anamlisha mama mkwe uji. Mama mkwe akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nashukuru uko naye. Peke yake angekuwa ameshaiacha hiyo kazi." Nikaosha bakuli, nikaaga.

7 Agosti
Upepo mtupu. Tunaosha asubuhi, mchana ni kana kwamba hatukuja.

14 Agosti
Leo kwenye shule ya ushonaji mwalimu mkuu alitoka nje akauliza, "Fundi ni nani hapa?" Wifi akiwa na ndoo mkononi akanielekeza kwa kidevu. "Huyu." Mwalimu akanipa mkono mimi, akaniuliza mimi habari za madirisha ya juu, na mimi nikajibu, tena nikajibu kwa madaha, nikasikia utamu. Ulidumu mpaka nilipogeuka nikamwona wifi amechutama anakamua kitambaa changu.

Nilichokuwa nakitaka mwanzoni mwa kiangazi sasa ninacho chote. Naona haya hata kujitazama kwenye kioo, na kazi yangu ni vioo.

21 Agosti
Tukiwa maktaba wifi aliniambia jambo bila kunitazama, anasugua huku anaongea. Kumbe amekwenda kwa daktari. Si kwa ajili ya mama, kwa ajili yake. Alimwambia daktari kwamba ngozi yake haisikii tena, amchome sindano hapa na hapa aone.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema sina kitu. Wasiojua kazi yetu watasemaje?" Akacheka kidogo. "Siku hizi kila jioni najipaka mafuta ya karafuu mashavuni na kwenye vidole. Mdogo wangu usimwambie, atanicheka."

Ndiyo maana ananukia hivyo. Wiki hizi zote nilidhani ni sabuni mpya.

Nilisema, "Wifi." Akasema, "Naam." Nikasema, "Hapo pembeni pamebaki doa." Mimi ni mtu wa namna gani?

28 Agosti
Alhamisi. Naikwepa harufu ya karafuu.

4 Septemba
Mawingu kidogo upande wa mashariki, yakapotea. Mkutubi anasema karatasi mpya imefika, wataibandika mwisho wa mwezi. Nilifurahi kama mjinga. Nikawaza: michirizi ikiondoka na kosa litaondoka, hakuna atakayejua, na polepole wifi atarudi alivyokuwa. Nimekaa na wazo hilo siku nzima, linanipa joto. Ndivyo nilivyofikia.

11 Septemba
Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni kwa Sharubu.

Tulitoka maktaba, wifi akasema tupitie pale. Nikajua tunakwenda kununua sabuni. Alipofika mbele ya meza akafungua mkoba akaitoa ile brashi. Mimi nilidhani aliitupa siku nyingi. Nilipaswa kuitupa mwenyewe, lakini mtu huyu hatupi brashi hata moja, na hii alikuwa ameifunga kwenye kitambaa safi.

"Sikuja kulalamika," akamwambia Sharubu. "Nimekuja unifundishe. Karatasi mpya inakuja maktaba na sitaki kuiharibu tena. Hii brashi niliishika hapa hapa nikaisikia laini, kumbe ngumu. Nionyeshe nilikosea wapi, nisije nikachagua nyingine kama hii."

Duka lilikuwa na watu. Sharubu akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya nywele. Akainama, akatoa nyingine mpya ya aina ile ile, akazilaza mezani ubavu kwa ubavu. Ile yetu ilikuwa fupi. Si kwa kiasi kikubwa, ila ukiziona pamoja hata kipofu angejua. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Mama, hukukosea kitu," akasema. "Hii imekatwa. Tazama, ncha zote zimekwenda, zimebaki vijiti. Hii kazi ya mkasi. Nani kakata brashi ya karatasi, jamani? Nani mwenye wazimu huo?"

Watu wakasogea kutazama. Mmoja akacheka, akasema labda panya. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na fagio, na mkobani mwangu mkasi upo, nausikia uzito wake.

Wifi hakugeuka upesi. Kwanza aliichukua ile mpya, akafumba macho, akaipitisha shavuni. Akaipitisha tena. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akakaa hivyo muda, macho kafumba, na nadhani ndiyo nilikuwa naona furaha yake ya kwanza tangu Juni. Halafu akafumbua macho, akanitazama mimi. Hakuniuliza. Uso wangu ulikuwa umeshajibu.

Sharubu bado anauliza, nani huyo, nani?

"Tuliikata wenyewe," wifi akasema. "Tulikuwa na haraka, tukasahau. Asante, bwana."

Tuliikata. Wenyewe. Nimeishi na neno hilo tangu mchana. Hata pale, mbele ya watu wote wale, baada ya yote, alinifunika. Laiti angenizaba kibao.

Njiani nikaanza kulia, nikaanza kusema, wifi nisamehe, nilitaka kukuambia, siku nyingi nilitaka kukuambia, nilipokuja kwa mama, na siku ile ya mafuta. Akaniacha niseme yote mpaka yakaisha. Halafu akasema:

"Brashi ungeikata hata kumi, ningekugombeza siku moja tukamaliza. Kioo nacho kingebandikwa kingine. Lakini wifi, nilikwenda kwa daktari. Nilimwambia anichome sindano. Na wewe ulikuwa unajua."

Akavuka barabara. Sikumfuata.

12 Septemba
Nimemweleza mume wangu. Hakucheka. Alichukua kiti akaenda kukaa nje.

18 Septemba
Nilitangulia maktaba nikidhani hatakuja. Alikuja. "Habari za asubuhi," akanisalimia, kama anavyomsalimia mkutubi. Tukaosha, yeye kulia, mimi kushoto. Nilimwambia mkutubi ukweli wote, wifi akiwa anasikia. Mkutubi alinong'ona, "Ahaa," na kumtazama wifi, akamwomba radhi yeye. Ile chai alileta kikombe kimoja, halafu akashtuka, akarudi kuleta cha pili.

Mchana wifi alimpigia yule meneja wa jengo la ofisi. Kazi bado ipo, haikupata mtu. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, karatasi naziweza." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kukera, ya mtu anayejua. Sikuwahi kudhani nitaifurahia.

23 Septemba
Mvua ya kwanza, fupi. Imeligeuza vumbi lote la madirisha kuwa matope.

25 Septemba
Karatasi mpya imebandikwa. Tulisimama tukaitazama jua likiingia. Safi. Ukitazama nje unaona mti, unaona barabara. Mkutubi akasema tuendelee naye msimu ujao, akamwambia wifi, na wifi akajibu kwamba atakuja.

Kutoka pale tukapita kwa Sharubu, kwa ajili ya jengo la ofisi. Nilibeba ndoo zote mbili, nikakaa nyuma yake kama siku zote. Wifi alisimama mbele ya ule ukuta wa brashi, akalowesha, akakung'uta, akafumba macho. Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu akatabasamu. Haikuchukua muda. Sharubu akapiga makofi, eti shavu limerudi mjini, na mimi nilikuwa nafurahi, nafurahi kweli, mpaka nilipoona anamlipa.

Alikuwa amechukua brashi moja tu.

"Wifi," nikasema, "na yangu?"

Aliifunga ya kwake kwenye kitambaa taratibu. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kushika.

"Yako chagua mwenyewe," akasema. "Msalimie mdogo wangu." Akanipokea ndoo yake, akatoka.

Sharubu akaniuliza nataka ipi. Nikachukua moja, nikaipitisha shavuni. Nikachukua nyingine. Zote nilizisikia sawa.